Bibi, mjukuu na mzunguko wa Jumapili

Swali huja kabla hawajafika mwisho wa uzio wa minyaa.

"Mwadila, Mwalimu. Safari ya wapi?"

Kwa wiki nyingi mwalimu huyu mstaafu, mwenye umri wa miaka 63 na mkazi wa Ziba, wilayani Igunga mkoani Tabora, hakuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hakuwa anakwenda popote. Alikuwa anatoka nyumbani kwake, anazunguka karibu kilomita nne kupitia mashamba, vichaka na ukingo wa mto, kisha anarudi palepale alipoanzia. Kwa mtu mzima anayeheshimika mtaani, jambo kama hilo si rahisi kulieleza njiani.

Lilianzia kliniki. Alikwenda kwa sababu ya goti, muuguzi akampima presha kama wanavyopimwa wengine wote, mashine ikasoma 168 kwa 98. Akaitwa tena siku mbili tofauti, namba hazikushuka. Akaandikiwa dawa, akaambiwa apunguze chumvi, na akaambiwa atembee: nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwendo wa kumfanya apumue kwa nguvu kidogo. Dawa alizielewa. Chumvi pia aliielewa, ingawa anakiri kwamba dagaa walimshinda wiki mbili za kwanza. Kutembea ndiko kulikompa taabu.

"Nimetembea maisha yangu yote," anasema. "Kwenda shambani, kwenda shuleni, kwenda kisimani, kwenda misibani. Lakini kila mara kulikuwa na 'kwenda'. Sasa nitembee niende wapi?"

Akabuni njia. Jioni alichukua kidumu cha lita tano kisicho na kitu, akatoka nacho kama mtu anayekwenda kuteka maji. Alipomaliza mzunguko wake alirudi nacho vilevile, kitupu. Siku ya nne jirani mmoja aliligundua hilo. Wiki ya pili maneno yalishasambaa kwamba kichwa cha Mwalimu kimeanza kumchanganya. Wengine waliona ni pensheni: imekwisha, hana hata nauli ya bodaboda, ndiyo maana anakwenda kwa miguu. Akaacha. Akakaa ndani mwezi mzima, presha ikabaki juu.

Wahudumu wa afya wanaosema "fanya mazoezi" na kumwita mgonjwa anayefuata mara nyingi hawafiki hapa. Wengi wanaoshindwa kutembea si wavivu. Mijini mtu huvaa fulana na raba, akaonekana ni wa mazoezi, basi. Kijijini, mama mzima asiye na jembe, kikapu wala mtoto mgongoni ana kesi ya kujibu.

Na hapo ndipo pana ajabu, kwa sababu hii ni nchi ya watembeaji. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, na kurudi na vitambaa na shanga. Mzigo wa kilo 30 begani ulikuwa wa kawaida. Richard Burton na John Hanning Speke walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 walifika Kazeh, Tabora, Novemba 7 mwaka huo, na njia waliyopita ilikuwa imeshakanyagwa na wapagazi kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata, Julai, Speke alitoka Kazeh akaelekea kaskazini, akaliona Ziwa Nyanza mwanzoni mwa Agosti, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amerudi Kazeh. Nao ulikuwa mzunguko wa aina yake. Husemwa hata neno "mzungu" lilitokana na tabia hiyo ya watu wa kuzunguka. Watoto wa jirani walilijua hilo, au walilibahatisha, maana Mwalimu alipoanza tena kutembea walimwita Bibi Mzungu.

Kilichomfanya aanze tena ni mjukuu wake wa darasa la nne. Mama yake mtoto anafanya kazi Mwanza, na mtoto anaishi kwa bibi. Jumapili moja aliomba kufuatana naye. Swali lilipokuja pale kwenye uzio, kabla bibi hajafungua mdomo, mtoto alijibu:

"Tunakwenda nyumbani."

Muulizaji alicheka, akawaacha. Bibi aliyefuatana na mjukuu hana kesi. Tangu siku hiyo hutoka wawili, na kidumu kimerudi kwenye kazi yake.

Njia yenyewe ni nyepesi, haina mlima wa kutaja. Hutoka saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limeanza kulegea. Huanza kwa kufuata kijia cha baiskeli kati ya majaruba ya mpunga. Wakati wa kiangazi udongo wa mbuga hupasuka nyufa pana za kuingiza vidole, na mwenye macho hafifu ni lazima aangalie anapokanyaga. Masika udongo huohuo mweusi hunata kwenye viatu mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa tofali. Hapo kwenye majaruba ndipo Mwalimu hukaza mwendo. Kipimo chake alifundishwa na muuguzi: anayetembea kwa mwendo unaotosha anaweza kuongea, lakini hawezi kuimba. Mtoto hulipenda jaribio hilo. Bibi akianza kuongea kwa raha mno, humwambia, "Imba!" Akiweza kuimba, wanaongeza mwendo.

Baada ya majaruba kuna ngitili. Msomaji wa mbali huenda halijui neno hili: ni eneo ambalo Wasukuma na Wanyamwezi hulifunga tangu mvua zinapoanza ili majani na miti vikue, kisha hulifungua kwa mifugo kiangazi kinapokaza. Ni desturi ya zamani iliyopewa nguvu mpya na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, na miti iliyokuwa imefyekwa katika sehemu nyingi za ukanda huu ilirudi kwa njia hiyo bila kupandwa. Ngitili hii ni ya familia moja. Mwalimu hakuingia hivihivi. Alikwenda kwa mzee mwenyewe, akaketi, akaomba. Mzee alimpa masharti mawili tu: asiokote kuni, na asije na mbwa. Kisha akamuuliza kama hiyo presha inaambukiza.

Ndani ya ngitili hali ya hewa hubadilika mara moja. Kivuli cha migunga hakina unene wa kivuli cha mwembe, lakini kinatosha. Kuna mkwaju mmoja mkubwa ambapo wao hupumzika dakika mbili na kunywa maji, na kuna mitonga ambayo matunda yake yenye ganda gumu mtoto huyahesabu kila wiki, akisubiri yaive. Kanga wa porini hukimbia mbele yao. Japani, mwaka 1982, idara ya misitu iliwahimiza wananchi waende msituni kutembea taratibu, na jambo hilo likapewa jina lenye maana ya kuoga msitu. Mwalimu aliposimuliwa hayo na bintiye kwa simu alisema Wajapani wamechelewa.

Binti huyohuyo ndiye aliyemtumia ujumbe kwamba ni lazima afikishe hatua 10,000 kwa siku. Hapa inafaa kusema wazi: namba hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halihesabu hatua. Linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Mzunguko wa Ziba huchukua saa moja na robo pamoja na kusimama, wakati mwingine zaidi. Mwalimu huufanya wote Jumapili na Jumatano, na siku nyingine mbili au tatu huishia kwenye mkwaju na kurudi.

Kutoka ngitili njia huteremka hadi mtoni. Ni mto wa msimu. Maji ya upande huu wa Igunga hayafiki baharini. Yakitiririka, huelekea bonde la Wembere, kisha Ziwa Kitangiri, na mwisho Ziwa Eyasi. Kuanzia katikati ya mwaka mto hubaki mchanga mtupu, mweupe, na wanawake huchimba visima vifupi ndani yake. Kutembea juu ya mchanga huo ni kazi kubwa kwa ndama za miguu kuliko njia nyingine yote. Wao hufuata ukingo, kama nusu kilomita, hadi pale kijia cha ng'ombe kinapovuka, halafu hupanda kurudi mjini kwa kupitia nyuma ya shule.

Lakini mto ukikauka haukauki wote. Kwenye kona moja, chini ya mizizi, hubaki dimbwi la kijani, na hapo ndipo wavulana wa mtaa huoga.

Ilikuwa Jumapili ya tano au ya sita. Mwalimu aliona kwamba mtoto anakwenda nyuma ya kichaka mara nyingi mno. Mara ya kwanza kwenye majaruba, mara ya pili kwenye ngitili, mara ya tatu wakiwa wamekaribia mto. Akirudi uso wake umekunjamana. Nyumbani asingeliona hilo; choo kiko nyuma ya nyumba na mvulana wa miaka kumi haongozwi chooni. Wakiwa wanatembea bega kwa bega, bila kutazamana, alimuuliza tu: kunachoma?

Kunachoma, mtoto alisema. Na mwishoni hutoka mekundu kidogo. Hakusema mapema kwa sababu wenzake watatu wanaooga naye pia wako hivyohivyo, akadhani ndivyo wavulana walivyo.

Kichocho cha mkojo ndivyo kinavyojificha. Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wenye kichocho. Vimelea hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, na dimbwi lililotuama lenye majani ndiyo nyumba wanayoipenda. Hutoka kwa konokono, hasa jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi ya aliyeingia majini hata kama hana kidonda. Hakuna haja ya kuyanywa maji hayo. Anayekojoa karibu na dimbwi au ndani yake hurudisha mayai majini, konokono wanaambukizwa, na duara linaendelea. Asipotibiwa kwa miaka mingi, mgonjwa anaweza kuharibika kibofu na figo, na hata kupata saratani ya kibofu. Kwa wasichana na wanawake mayai huweza kuleta vidonda sehemu za siri, ambavyo mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa, na binti akasemwa bure.

Kesho yake Mwalimu alimpeleka mtoto kituo cha afya. Waliambiwa mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai huonekana vizuri zaidi, na mtoto aruke au akimbie kidogo kwanza. Alikimbia kuzunguka jengo mara mbili, bibi akimhesabia. Mayai yalionekana. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito au urefu wa mtoto, na huwa nafuu kuvimeza baada ya kula kwa sababu huleta kichefuchefu. Ni dawa ileile inayogawiwa kwenye shule za msingi katika maeneo yenye kichocho. Siku ya ugawaji mtoto alikuwa ameugua malaria, hakwenda shule, na nyumbani hakuna aliyejua kama alikosa kitu. Wazazi na walezi wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuuliza jambo hilo leo: mtoto alikuwepo siku ya dawa?

Vidonge huua minyoo iliyomo mwilini, havimkingi mtoto asiambukizwe tena akirudi dimbwini. Mwalimu, ambaye alifundisha miaka 34, hakutaka kuishia kwa mjukuu wake. Jioni ile alipita kwenye nyumba tatu. Nyumba ya kwanza walishukuru. Ya pili walisema mtoto wao hana kitu, na wakampeleka kimyakimya siku mbili baadaye. Ya tatu baba mtu alikasirika kwamba mwanawe anasemwa. Huyo alirudiwa mara mbili, mara ya pili akiwa na mzee mwenye ngitili, na hatimaye mtoto alipimwa. Wote watatu walikuwa nacho.

Je, mtu aache kutembea kando ya mto? Hapana. Mchanga mkavu hauna kichocho, wala ukingo. Sharti ni moja: miguu haiingii kwenye maji yaliyotuama, hata kwa kuosha vumbi. Mto ukiwa na maji, tangu Novemba hadi Aprili hivi, Mwalimu na mjukuu hawavuki kabisa. Huishia kwenye mkwaju na kurudi kwa njia waliyoendea, na mtoto hulalamika kwamba huo si mzunguko.

Mengine ni ya kawaida kwa pori la Tabora. Nyoka hupenda kujificha kando ya gogo, hivyo gogo hukanyagwa juu kwanza, halafu ndipo mtu hushuka upande wa pili akiona anapotua. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hanyonywi sumu wala hafungwi kamba ya kubana. Hutulizwa, kiungo kilichoumwa kikaachwa bila kusogezwa, na hupelekwa hospitali haraka. Panapokuwa na mizinga, watu hupita kimya na mbali. Mwenye kisukari asiende kwa kandambili, kwa sababu mwiba wa mgunga hupenya plastiki, na mguu uliokufa ganzi hautamwambia. Akifika nyumbani avue viatu, akague nyayo, hata kwa kioo. Anayebanwa kifua, kuona kizunguzungu au kukosa pumzi isivyo kawaida asimame, akae kivulini, na amwone daktari kabla ya kutembea tena. Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi aanze kwa daktari, si kwa njia.

Na wasiojua presha zao ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi huligundua siku ya kiharusi.

Kutembea peke yake hushusha kiasi gani? Uchambuzi uliotolewa mwaka 2021, uliokusanya majaribio 73 kutoka nchi mbalimbali, ulipata kwamba kutembea kunashusha presha ya juu kwa wastani wa takribani milimita 4. Ni kidogo kwa anayetarajia muujiza, na ndiyo maana hakuna anayepaswa kuacha vidonge kwa sababu ameanza kutembea. Mwalimu aliwahi kujaribu. Alipojisikia mwepesi mwezi wa pili aliruka dawa siku tano, kliniki ikamkuta na 160. Sasa humeza asubuhi, kabla ya chai, mjukuu akiwa shahidi. Kipimo cha mwisho kilikuwa 138 kwa 84. Ni dawa, ni chumvi, ni njia. Muuguzi hakukubali kusema kipi kimefanya kiasi gani.

Mtoto alirudishwa maabara baada ya wiki sita, mkojo ukaonekana safi. Amepewa kazi ya kuwa mlinzi wa dimbwi, cheo alichojipa mwenyewe, na wenzake hawamsikilizi sana. Bado wanaoga. Mwalimu amezungumza na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji kuhusu kulisafisha majani na kuweka kibao. Wamekubali, bado hakijawekwa.

Wiki chache zilizopita, pale kwenye uzio wa minyaa, jirani yule aliyegundua siri ya kidumu hakuuliza safari ya wapi. Aliuliza kama wa tatu anaruhusiwa. Ana kisukari mwaka wa nne. Mwalimu alimtazama miguuni, akaona kandambili, akamwambia aje Jumapili ijayo na viatu vya kufunga.

Alikuja, amevaa raba za mwanawe, zilizomzidi namba mbili, kazijaza magazeti kwenye vidole.